Kutoka kadi za salamu hadi meseji: namna wasikilizaji wa redio walivyohesabiwa

Kwa muda mrefu umaarufu wa mtangazaji wa redio Tanzania ulipimwa kwa barua. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na hata ilipokuja kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) mwaka 1965, kipindi kinachopendwa kilijulikana kwa wingi wa kadi za salamu. Kipimo hicho kilimhesabu mwandishi, si msikilizaji: mpenzi wa salamu aliyetuma kadi ishirini alionekana kama watu ishirini. Lakini RTD haikuwa na mshindani Bara, na hakuna aliyeumiza kichwa kujua nani anaongoza.

Kazi ya kitaalamu ya kupima wasikilizaji ilifanyika kwenye mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 kuhamasisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Watafiti waliacha eneo la Dodoma bila mchezo huo kwa miaka miwili, ili walinganishe waliousikia na wasiousikia. Shabaha haikuwa kumpanga mtu namba moja au mbili. Ilikuwa kujua kama redio inabadili tabia.

Ushindani ulikuja na sheria ya utangazaji ya mwaka huohuo wa 1993. Radio One na Radio Tumaini zilianza mwaka 1994, Clouds FM mwaka 1999, na wenye matangazo wakataka kujua fedha zao ziende wapi. Kampuni ya Steadman ya Nairobi, iliyonunuliwa na Synovate mwaka 2008 na kuingia Ipsos mwaka 2011, ilipima kwa kuuliza watu wamesikiliza nini, siku ikikatwa vipande vya nusu saa.

Ugumu wa swali hilo unaonekana vizuri Mabibo, Dar es Salaam, kwenye soko la Mahakama ya Ndizi. Alfajiri mikungu inashushwa huku redio ya kibanda cha jirani ikiunguruma. Mama anayechagua ndizi hakuiwasha wala hakuchagua masafa, ila anacheka utani wa mtangazaji. Kesho akiulizwa alisikiliza kituo gani, huenda akakumbuka sauti na kusahau jina la redio, au akataja kituo anachokifahamu zaidi. Vituo vikongwe hufaidika na kumbukumbu ya namna hiyo.

Halafu kuna namba mbili zinazochanganywa makusudi. Moja ni idadi ya watu waliofikiwa, hata kwa dakika chache. Nyingine ni sehemu ya muda wote wa usikilizaji iliyokwenda kwa kituo. Ndiyo maana redio mbili zinaweza kujitangaza namba moja wiki ileile na zote zisiwe zimesema uongo.

Kumpanga mtangazaji mwenyewe ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kinachopimwa ni saa za kipindi. Jahazi ya Clouds FM ilipoendeshwa na Ephraim Kibonde pamoja na Gardner G. Habash, hakuna dodoso lililoweza kugawa wasikilizaji kati yao. Mwanga hupatikana mtangazaji anapohama, kama Gerald Hando alipotoka Power Breakfast ya Clouds kwenda EFM mwaka 2016. Marekani, kipindi kimoja cha mazungumzo hurushwa na mamia ya vituo, hivyo jarida la Talkers, lililoanzishwa mwaka 1990, huwapanga watangazaji kwa majina. Hapa nchini mtangazaji huhesabiwa ndani ya kituo chake.

Marekani pia ilianza mwaka 2007 kutumia kifaa kidogo cha kubebwa mwilini kinachonasa alama iliyofichwa ndani ya sauti ya kituo. Kifaa hicho kingemhesabu yule mama wa ndizi bila kumuuliza. Tanzania ilielekea kwenye simu: katika miaka ya 2010 kampuni ya GeoPoll ilianza kuuliza kwa meseji na kumlipa mjibuji salio. Majibu hufika haraka, ila asiye na simu, au mwenye mikono iliyojaa mikungu, hayumo.

Sasa mahojiano ya asubuhi hupandishwa YouTube, na idadi ya waliotazama husomwa na kila mtu. Shabiki akiifungua video mara nyingi, namba hupanda, kama zilivyopanda kadi za salamu.