Mlima wa Rebmann

Kila nimsikiapo mhubiri akihesabu hadharani roho alizoziokoa, kana kwamba ni magunia ya mahindi ghalani, mawazo yangu hukimbilia Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, na kwa mtu mmoja aliyeitwa Johannes Rebmann.

Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amewazika mkewe na mtoto wao mchanga katika pwani hiyohiyo. Wakafungua kituo Rabai. Wazee wa Rabai waliwapokea kwa wema, lakini mafundisho yao hayakuwagusa sana. Walikuwa na Mulungu wao, na kaya zao, na mizimu ya baba zao.

Mwaka 1848 Rebmann alifunga safari kwenda Uchagani pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, na wapagazi wachache. Silaha yake ilikuwa mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe kileleni mwa mlima, akadhani ni wingu. Alipomwuliza mwenzake, akajibiwa kwa neno moja tu: baridi. Mjerumani yule, aliyekulia katika nchi ya theluji, akafahamu papo hapo.

Sasa ndugu msomaji, tazama alilolifanya. Aliketi kupumzika, akafungua Biblia yake pale alipokuwa amefikia katika usomaji wake wa kila siku. Ilikuwa Zaburi ya 111, na mstari wa sita unasema habari za Mungu kuwaonyesha watu wake uwezo wa matendo yake. Aliandika kwamba maneno yale yalimwingia kwa nguvu maradufu mbele ya mlima ule. Hakuandika kwamba yeye ndiye aliyeugundua. Na angewezaje? Wachaga walikuwa wakilima migomba chini yake tangu enzi za mababu. (Neno "kugundua" linanikera kila nilionapo katika vitabu vya shule.)

Habari zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, wakubwa wa jiografia walicheka. Theluji, karibu na ikweta? Bwana W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kufika sehemu hizi, aliibeza habari hiyo kwa miaka mingi, hata baada ya Baron von der Decken kwenda mlimani mwaka 1861 na tena 1862 na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Cooley alikuwa msomi kweli, aliyejua vitabu vingi vya Waarabu na Wareno. Lakini aliipimia dunia kipimo cha chumba chake cha kusomea, na jambo lisiloenea humo likawa halipo.

Hata hivyo, mlima si sehemu inayonigusa zaidi. Kumsujudia Mungu mbele ya Kilimanjaro si kazi ngumu. Hata asiyeamini hunyamaza pale. Kazi ngumu ilikuwa Rabai. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki. Alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja, akikusanya maneno ya lugha zetu na kufundisha watu wachache mno. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Kisha macho yake yakaanza kufifia, akawa kipofu. Waliokuja kumtembelea walishangaa jinsi matunda yalivyokuwa haba.

Najiuliza mara nyingi aliomba nini miaka ile. Mungu aliyemwonyesha uwezo wake asubuhi moja mbona alikaa kimya hivyo mbele ya mtumishi wake? Wapo watakaonijibu kwamba Rebmann alikosa bidii, au hakuwa na karama. Siwezi kukubali. Napendelea kuamini kwamba alikuwa ameelewa kuwa uwezo ule haukuwa mali yake ya kuutumia.

Mwaka 1875 alirejea kwao. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemwongoza alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa mmoja wa waumini wale wachache. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876, naye Nyondo akarudi pwani kuendelea na kazi.