Aniwa: nyumba ya chokaa, kisima na barua za Bibi Paton

Mwishoni mwa karne ya 19 jina la mmisionari John Gibson Paton lilijulikana katika makanisa mengi ya Uskoti na Australia. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1889, kimehaririwa na nduguye James, na ndani yake msomaji wa zama zile alipata alichokitaka: marungu yaliyoinuliwa, bunduki zilizogoma kulia, mtu aliyejificha juu ya mti usiku huku anasakwa auawe. Miaka mitano baadaye James alihariri kitabu kingine, cha barua ambazo mke wa John, Margaret Whitecross, au Maggie kwa jamaa zake, aliwaandikia ndugu zake Ulaya. Humo marungu ni machache. Tunasoma zaidi habari za nyumba, watoto, wageni, magonjwa na meli inayosubiriwa, tena zimeandikwa na mtu aliyejua kucheka. Anayetaka kujua wamisionari hawa waliishije siku hadi siku katika kisiwa cha Pasifiki, kitabu cha mke ndicho kitakachomfaa.

Maggie hakuwa mke wa kwanza. John, aliyezaliwa karibu na Dumfries mwaka 1824, alifika kisiwa cha Tanna Novemba 1858 pamoja na Mary Ann Robson. Visiwa hivyo ndivyo leo vinavyoitwa Vanuatu. Wakati ule Wazungu waliviita New Hebrides. Nyumba yao ilijengwa chini, karibu na ufuo, mahali penye homa, na mume alikuja kulijutia kosa hilo baadaye. Februari 1859 Mary Ann alijifungua mtoto wa kiume. Mwanzoni mwa Machi mama akafa, na kabla mwezi haujaisha mtoto akamfuata. John alichimba kaburi mwenyewe kando ya nyumba na kuliwekea matumbawe. Msomaji wa Mombasa atakumbuka kisa cha jirani: Julai 1844 mmisionari Ludwig Krapf alimzika huko mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, miezi michache tu baada ya kutua. Wake wa wamisionari ndio waliotangulia kuzikwa, na aghalabu hadithi iliendelea bila wao.

Tanna ilimshinda John. Surua iliyoletwa na meli mwaka 1861 iliua watu wengi katika visiwa vya kusini, wenyeji wakawashuku wageni, na mwaka uliofuata akakimbia. Huko Australia alizunguka akichangisha fedha za meli ya misheni, Dayspring, ambayo watoto wa shule za Jumapili waliinunulia hisa kwa senti zao. Mwaka 1864 akamwoa Maggie huko Uskoti. Mwaka 1865 akafanya jambo ambalo hata baadhi ya wamisionari wenzake hawakumsamehe upesi: alipanda manowari ya Kiingereza, Curacoa, akiwa mkalimani, na manowari hiyo ikavipiga mizinga vijiji vya Tanna kuwaadhibu wenyeji. Mmisionari mzee John Geddie wa kisiwa cha Aneityum alilaani tendo hilo waziwazi, na naona alikuwa na haki. Maneno ya upendo hayasikiki vizuri baada ya mizinga.

Basi Novemba 1866 walipotua Aniwa, si mbali na Tanna, John hakuwa mgeni tena wala jina lake halikuwa safi. Maggie alikuwa na mtoto mchanga mkononi.

Aniwa ni kisiwa kidogo cha matumbawe, kilometa za mraba zipatazo 8, hakina mto wala bandari. Meli haikuweza kutia nanga kwa usalama. Shehena ilishushwa kwa mashua na kupitishwa juu ya mwamba. Wenyeji, watu mia chache, walilima viazi vikuu, ndizi na miwa, wakavua samaki, na lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kisamoa na Kitonga ingawa majirani zao wengi ni Wamelanesia. Injili nayo haikuanza na Wazungu. Walimu kutoka Aneityum, wenyeji wa visiwa vilevile, walikuwa wametangulia, na mmoja wao aliuawa hapo. Vitabu vya Ulaya huwapa watu hawa mistari michache, kisha vinaendelea na habari za Wazungu.

Eneo walilopewa kujenga lilikuwa kichuguu ambacho wenyeji walikiogopa. John alipochimba alikuta mifupa ya watu, mabaki ya karamu za zamani, na watu wakakaa kutazama kama mgeni ataanguka afe. Hakufa. Walianza na vyumba viwili, vikaongezeka hadi sita. Matumbawe yalichomwa yakawa chokaa ya kuta, na paa likaezekwa kwa majani ya miwa. Siku moja katika ujenzi huo John alihitaji misumari na zana, akaandika maneno mawili matatu juu ya kipande cha ubao, akamwomba chifu Namakei ampelekee Bibi. Mzee alishangaa: Bibi atajuaje unachotaka? Maggie aliutazama ubao, akautupa kando, akamkabidhi vitu vyote. Namakei aliuokota, akarudi nao mbio kuuliza maana yake. Tangu hapo kusoma kukawa na thamani mbele ya macho yake.

Siku ilianza alfajiri kwa kengele na darasa, kabla watu hawajaenda mashambani. Wagonjwa walikuja kutafuta dawa. Jumamosi kilipikwa chakula cha Jumapili, ili siku ya ibada moto usiwashwe kwa mapishi marefu. Lakini kazi iliyobeba misheni ilikuwa ya Maggie. Darasa lake la wanawake na wasichana lilifikia watu kama 50. Walijifunza kusoma, kuimba, kusuka kofia na kushona, mpaka karibu kila msichana akaweza kukata na kujishonea gauni lake. Zilijengwa nyumba mbili za yatima, ya wavulana na ya wasichana, karibu kabisa na nyumba ya misheni, kwa hiyo walezi walikuwa ni walewale. Namakei alimleta binti yake wa pekee, Litsi, akamwacha alelewe na Bibi. Chifu kumkabidhi mtoto mgeni si jambo dogo, na halikuletwa na mahubiri. Mzee alikuwa ameiona nyumba inavyoendeshwa.

Hizo nguo zenyewe zina maneno. Gauni lilikuwa alama ya kuingia kanisani, na pamoja nalo yakaja mahitaji ambayo zamani hayakuwapo: kitambaa, sindano, uzi, sabuni. Mtu aliyeishi bila duka sasa aliitegemea meli. Maggie na mumewe waliiona hatua hiyo kuwa ni maendeleo, na sijui kama mwanamke wa Aniwa aliulizwa.

Wamisionari nao walikuwa mateka wa meli hiyohiyo. Unga wa ngano, dawa, barua na magazeti vilikuja kwa Dayspring, na Januari 1873 tufani iliivunja huko Aneityum, ikabidi kutafutwa nyingine. Barua ya msiba kutoka Uskoti ingeweza kufika miezi mingi baada ya mazishi. Akina Paton walizaa watoto kumi, na si wote waliofikia utu uzima. Waliokua walipelekwa Australia kusoma, na mama akabaki akiwalea watoto wa watu wengine huku wake wako ng'ambo. John aliandika mengi kuhusu hatari za rungu. Bei hii nyingine aliilipa zaidi mkewe.

Kisha kisima. Aniwa ilikunywa maji ya mvua na ya madafu, na wakati wa kiangazi hali ilikuwa mbaya. John alipotangaza kwamba atachimba chini atafute maji, Namakei alimwonea huruma, akidhani homa imempanda kichwani, kwani mvua hutoka juu. Aliweka walinzi wamchunge asijidhuru. Vibarua walilipwa ndoana, moja kwa kila ndoo tatu za udongo, lakini usiku mmoja ukuta wa shimo uliporomoka na baada ya hapo hakuna aliyekubali kuingia tena. Walivuta ndoo kutoka juu tu. Karibu futi 30 chini yakapatikana maji matamu. Baadaye wenyeji walijaribu kuchimba visima vingine, wakaishia kwenye mwamba au maji ya chumvi. Jumapili iliyofuata kupatikana kwa maji Namakei mwenyewe ndiye aliyehubiri, na siku zile watu wakaanza kuleta sanamu zao zichomwe. Tarehe 24 Oktoba 1869 watu 12 walishiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza.

Huku nje ya mwamba meli nyingine zilipita, za kuchukua vijana kwenda mashamba ya miwa ya Queensland. Kati ya 1863 na 1904 mikataba ya namna hiyo ilizidi 60,000 katika visiwa vya Pasifiki; baadhi ya watu walikwenda kwa hiari, wengi hasa miaka ya mwanzo walilaghaiwa au kutekwa. Paton aliipinga biashara hii hadi uzeeni, na hapo anastahili sifa zake.

Fedha za kuchapa Maandiko zilitoka ardhini. Watu wa Aniwa walilima uwanga, mmea uleule unaoota pwani yetu, wakakuna mizizi, wakaosha unga wake mara nyingi ukatulia, wakaanika juani, na ukauzwa Australia na Uskoti. Agano Jipya katika lugha yao lilichapwa mwaka 1899.

Familia ilikuwa imehamia Melbourne kitambo, John akisafiri dunia nzima kuchangisha. Mwanawe Frank, aliyezaliwa Aniwa mwaka 1870, alirudi Tanna mwaka 1896, akahubiri kule baba yake alikoshindwa. Maggie alifariki 1905, John 1907. Kanisa la Wapresbiteri la visiwa hivyo lilianza kujitawala mwaka 1948, miaka 32 kabla ya Vanuatu yenyewe kupata uhuru, tarehe 30 Julai 1980.