Tope la Gatumba

Theluji haianguki Bujumbura. Kinachozamisha magurudumu pale ni tope la bonde la Rusizi. Wengi huamini kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne liliishinda ardhi hiyo. Sikubali. Kwenye theluji nene dereva hupunguza upepo wa tairi ili gari lisididimie. Lakini kwenye udongo wa mfinyanzi tairi hujaa tope na kuteleza, hata injini iwe na nguvu namna gani. Na ardhi hiyo bado haijashindwa: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofurika, Gatumba, kwenye barabara iendayo Uvira, ilizama na wakazi wakapita kwa mitumbwi. Huenda mtu akajibu kwamba mafuriko yale hayakuwa ya kawaida. Lakini ziwa lilipanda vivyo hivyo miaka ya 1960, na bado nyumba zikajengwa bondeni.