Unabomoa Ukuta wa Keja? Usiharakishe Kutupa Vifusi, Kuna Doh Hapo

Vifusi ni mabaki ya mjengo: konkriti iliyopasuliwa, mawe, plasta, taili, mbao na vyuma. Si mzigo mdogo. Konkriti ya mita moja kila upande ina uzani wa karibu kilo 2,400, sawa na mifuko 48 ya simiti. Wasee wengi huita mkokoteni usiku, mzigo unaishia kando ya mto au kwa mtaro. Mvua ikinyesha, maji hukosa njia na kuingia kwa manyumba za watu.

Kitu cha kwanza ni kutenganisha. Ambia fundi aweke kila aina pembeni yake tangu siku ya kubomoa, juu vikishachanganyika, kuvichambua ni noma.

Mawe ya Ndarugo yakitoka mazima, gonga simiti ya zamani itoke, yajenge tena ukuta wa fensi. Konkriti ivunjwe vipande, ujazie chini ya sakafu mpya, kwa njia ya kuingilia geti au mahali pa kupaki gari. Shindilia vizuri ndio isibonyee. Mbao, milango na mabati zina wateja wake mtaani. Vyuma uza kwa skrapu, lakini uliza leseni kwanza. Sheria ya skrapu ya 2015 inamtaka kila dealer awe nayo.

Cheki hapa lakini. Simiti ikishashika haishiki tena, so konkriti iliyosagwa inafanya tu kazi ya kokoto. Tena hunyonya maji mob kuliko kokoto mpya. Usiitumie kwa nguzo ama slabu bila injinia kuipima. Jipsamu ya siling usiichanganye humo, chumvi zake hula konkriti pole pole.

Kama paa ni la asbesto, usiguse. Vumbi lake huleta kansa ya mapafu, na NEMA inalihesabu kama taka hatari. Hiyo ni wera ya watu wenye leseni na vifaa.

Kinachobaki, tafuta lori lenye kibali cha NEMA cha kubeba taka, na uulize mzigo unamwagwa wapi kabla hujalipa. Bei ikiwa ya chini ajabu, jua mto ndio utalipa ile ingine.