Kumchunguza Anayehukumu: Kutoka Machimbo ya Lupa hadi Nairobi

Uchunguzi wa tuhuma dhidi ya hakimu au jaji hutegemea mambo mawili: nani anachunguza, na amepewa muda gani. Afrika Mashariki imeyajibu kwa njia mbalimbali katika karne moja iliyopita, na wilaya ya Chunya, kaskazini mwa Mbeya, imepitia karibu hatua zote za upande wa Tanganyika na baadaye Tanzania.

Dhahabu iligunduliwa katika bonde la Lupa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Bei yake ilipopanda katika miaka ya 1930, Chunya ilifurika wachimbaji wa makabila mengi waliokuwa mbali na machifu wao. Kesi za madeni, wizi na ugomvi ziliongezeka. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kutunga Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, iliyoziondoa mahakama za machifu chini ya Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa maofisa tawala. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Mtu aliyemlalamikia chifu kwa kula rushwa au kupendelea ndugu alipeleka shauri kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye aliyemtegemea chifu huyohuyo kukusanya kodi. Msimamizi, msikilizaji wa rufaa na mchunguzi walikuwa mtu mmoja.

Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika 1964, iliufuta mfumo huo. Mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya na Mahakama Kuu zikaunganishwa katika mhimili mmoja, na hakimu akawa mtumishi wa mahakama, si mtu wa chifu. Maadili yake yaliandikwa rasmi mwaka 1984. Hata hivyo, Tume ya Jaji Joseph Warioba kuhusu kero ya rushwa, iliyotoa ripoti yake Desemba 1996, iliitaja mahakama miongoni mwa sehemu zilizoathirika.

Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliweka kamati za maadili ya maofisa wa mahakama katika mikoa na wilaya. Ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Hivyo mchimbaji wa Chunya anayedai kwamba hakimu wa mahakama ya mwanzo ameomba chochote ili kumpa ushindi ana mahali pa kupeleka malalamiko, na hakimu ana haki ya kujitetea. Anayepinga hukumu yenyewe hukata rufaa; kamati hushughulikia mwenendo wa mtu, na taarifa yake huenda Tume ya Utumishi wa Mahakama, yenye mamlaka ya nidhamu juu ya mahakimu.

Kwa majaji utaratibu ni mwingine. Katiba ya mwaka 1977 humpa Rais mamlaka ya kuwateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume hiyo, inayoongozwa na Jaji Mkuu. Bunge haliwathibitishi wateule. Jaji akishaapishwa, haondolewi kwa tabia mbaya mpaka Rais aunde tume maalumu ya kuchunguza, ambayo angalau nusu ya wajumbe wake ni majaji au watu waliowahi kuwa majaji katika nchi za Jumuiya ya Madola.

Kenya ilichukua njia ya wazi, na saa ikawa inahesabiwa. Katiba mpya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilimtaka Jaji Mkuu Evan Gicheru aondoke ndani ya miezi sita. Januari 2011, Rais Mwai Kibaki alimtaja Alnashir Visram kuwa mrithi wake. Waziri Mkuu Raila Odinga alipinga, akisema hakushauriwa, na Februari uteuzi ukaondolewa. Tume ya Utumishi wa Mahakama ya Kenya ikatangaza nafasi, ikawasaili waombaji hadharani mwezi Mei, na ikawapendekeza Willy Mutunga kuwa Jaji Mkuu na Nancy Baraza kuwa naibu wake. Kamati ya Bunge iliwahoji, na wananchi wakapewa nafasi ya kuleta pingamizi. Mjadala mkubwa uliangukia hereni ya Mutunga na misimamo ya wateule kuhusu ndoa na familia. Wote wawili waliidhinishwa Juni.

Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, Baraza alidaiwa kumtishia mlinzi aliyetaka kumkagua kwenye jengo la maduka jijini Nairobi. Tume ilipendekeza asimamishwe, na baraza la uchunguzi likaundwa chini ya Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010. Agosti 2012 lilipendekeza aondolewe, na Oktoba akajiuzulu. Usaili wa wiki chache haungeweza kubashiri tukio la siku moja. Uchunguzi wa tuhuma hiyo moja, wenye mashahidi na utetezi, ulichukua miezi.

Majaji na mahakimu waliokuwa kazini kabla ya katiba mpya nao walikaguliwa na bodi iliyoongozwa na Sharad Rao. Aprili 2012 bodi iliwaona majaji wanne wa Mahakama ya Rufani kuwa hawafai. Muda wake wa awali haukutosha, ukalazimika kuongezwa.

Tarehe ya mwisho huzuia kiti kukaa wazi, lakini haifupishi kazi ya kuhakiki tuhuma. Shahidi lazima atafutwe, kumbukumbu zisomwe na mtuhumiwa asikilizwe. Pale ambapo muda hautoshi, mwenye hatia hupita na asiye na hatia huchafuliwa jina. Ndiyo sababu kumbukumbu za malalamiko zinazotunzwa mapema, kuanzia kamati ya wilaya kama ya Chunya, zina thamani zaidi kuliko maswali ya siku moja kwa mteule: hakimu wa leo anaweza kuwa jaji wa kesho, na ushahidi wa mwenendo wake huanzia kwenye mahakama ndogo alikoanzia kazi.