Posho, mukate na mayonezi: namna meza ya Wazungu iliingia Likasi

Siku ya ndoa au ya komunio hapa kwetu Likasi, mezani tunaona bukari, sombe na samaki. Pembeni kunawekwa viazi vya kukaanga, saladi ya mayonezi na mukate. Hakuna mutu anayeshangaa. Lakini mutoto akiuliza: «Hiyi mayonezi ilitoka wapi?», wengi wetu tunajibu tu: «Ni ya bazungu», na mazungumzo yanaishia pale. Katika kurasa hizi tunataka kusogea mbele kidogo, kwa sababu wazee waliokuwa na jibu lenyewe wanatutoka mmoja mmoja.

Kuna watu waliojifunza desturi za Ulaya kwa kupanda meli. Babu zetu hawakupanda meli: Ulaya ndiyo iliyowafuata. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ikafika Élisabethville mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Baadaye viwanda vya Panda na Shituru vikakusanya watu wengi, na mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot. Ni mwaka 1966 tu tulirudishiwa jina la Likasi.

Tusisahau neno moja. Katika mji ule, karibu kila mutu alikuwa mugeni. Mubelgiji alikuwa mbali na kwao, lakini hata mufanyakazi aliyetoka Kasai, Luapula, Rhodesia ya Kaskazini au Ruanda-Urundi alikuwa mbali na kwao vilevile. Wageni wa kila upande walikutana mbele ya sahani.

Chakula cha kwanza ambacho kampuni ilileta hakikuwa mayonezi. Kilikuwa posho: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharagi, mafuta na chumvi. Mahindi mengi yalinunuliwa Rhodesia, kwa sababu mashamba ya hapa hayakutosha kulisha kambi. Mutu wa Rwanda aliyezoea maharagi, mtama na ndizi alipata shida na unga ule. Lakini kazi ilikuwa kazi, na tumbo likazoea. Kwa hiyo tukisema leo kwamba bukari ya mahindi njo chakula chetu cha asili, tunasema kweli nusu tu. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika zamani, na posho ya kampuni ilisaidia sana kuyafanya chakula cha kila siku cha mji.

Mukutano huo haukuwa wa furaha tu. Wazee walisimulia sana habari za batumbula, watu waliosemekana kukamata wenzao usiku kwa faida ya Wazungu, ili waliwe. Watafiti wamezichunguza hadithi hizi katika miji ya Katanga. Sisi tunazisoma hivi: mutu aliyenyimwa nguvu alikuwa akijiuliza kama yule anayemupa chakula hamunoneshi kama mbuzi. Kumbe chakula cha mugeni hakikuingia kinywani bila woga.

Mapishi ya Kizungu yenyewe yalipita mulango wa nyuma, kwa boyi. Yeye njo aliyesimama kuisini ya madamu, akajifunza supu, omleti, viazi vya kukaanga na mayonezi inayopigwa polepole kwa kiini cha yai na mafuta. Wengi hawakuwa na kitabu. Kitabu chao kilikuwa jicho na mukono. Jioni alirudi cité, ngambo ya eneo tupu lililotenga Wazungu na Waafrika, akala bukari na bibi yake. Alijua meza mbili, wakati bwana wake alijua moja. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani kule Élisabethville kiliandikisha historia yao kwa Kiswahili cha kwetu, kwa mukono wa André Yav. Mwaka 1990 Johannes Fabian akaitoa pamoja na maelezo. Boyi alikuwa pia mwanahistoria.

Mulango wa pili ulikuwa foyer social, ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi na kupika. Wa tatu ulikuwa karatasi. Mutu aliyeomba kadi ya mérite civique, iliyowekwa mwaka 1948, au immatriculation ya mwaka 1952, alitembelewa nyumbani. Walitazama namna familia inavyoishi, hata kama inakula pamoja mezani kwa kisu na uma. Fikirieni: mutu mzima, baba wa watoto, anapimwa heshima yake kwa namna anavyoshika uma! Hapo ndipo tunaona uchungu wa jambo hili. Upishi unaweza kuwa zawadi, na unaweza kuwa mutihani.

Kisha kampuni ikawa Gécamines. Watu walikuwa wakisema: «Kazi njo baba, njo mama». Miaka ya 1990 baba huyo alidhoofika, mishahara ikakosekana, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mupango wa départs volontaires. Hapo mukate wa asubuhi ukageuka kitu cha kuhesabu, na bukari ikabaki kutuokoa.

Leo mwana wa Likasi akifika Bruxelles, anakuta Wabelgiji wanakula viazi vya kukaanga na mayonezi, naye anaona ni vitu vya nyumbani kwao. Halafu anakwenda Matonge, kule Ixelles, kutafuta sombe. Hajakosea upande wowote.

Basi, tusione haya juu ya mayonezi, wala tusidharau sombe. Tunachoomba ni kimoja: kama kwenu kungali muzee aliyepikia Wazungu, au mama aliyepita foyer, keti naye, uliza, andika. Kuisini yake ni arshivu ya mji wetu, na haina nakala ya pili.