Simu ikinyamaza: historia fupi ya kukatwa kwa intaneti

Hii ni historia ya ukimya.

Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilisimamisha mesaji za simu nchini kote. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga sheria ya uchaguzi, mesaji na intaneti vilikatwa. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilizimwa tena hadi Januari. Kwa jirani zetu Burundi, Aprili 2015, mambo yalikuwa tofauti: WhatsApp na Facebook zilifungwa, lakini kurasa nyingine zilifunguka.

Fundi hutofautishaje ukimya huu na ule? Kuna programu iitwayo tcpdump, iliyoandikwa mwaka 1988 na Van Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne katika maabara ya Berkeley, Marekani, kwa kompyuta za Unix. Ujumbe wowote husafiri kwa vipande, yaani pakiti, na kila pakiti ina anwani ya inakotoka na inakokwenda. Tcpdump ni kama karani wa bandari ya Kalundu: huandika kila mzigo unaotoka na unaoingia. Pakiti zikitoka kwenda kila mahali bila jibu lolote, njia yote imekatika. Zikijibiwa zote isipokuwa za WhatsApp, huenda kuna kizuizi.

Lakini daftari likiwa tupu, fundi asiseme haraka kwamba mtandao umezimwa. Je, ana ruhusa ya msimamizi wa kompyuta? Anasikiliza mlango upi, wa waifai au wa kebo? Chujio aliloweka halikubana mno? Asipojiuliza hayo, ataisingizia serikali kosa la kebo yake mwenyewe.

Tena daftari haliandiki jina la aliyezima. Mwaka 2018 tulijua kwa sababu wakubwa walisema wenyewe: walitaka matokeo ya uongo yasisambae.

Kwa hiyo, ndugu, mesaji ya jamaa yako isipofika, usianze kumlilia. Mpigie kwa sauti. Ikishindikana, mtafute mtu wa mtaa uleule mwenye kadi ya kampuni nyingine. Mara nyingi kilichokatika ni njia, si uhai.